Siku Masika Alipoimba Nasi

Mwanangu, umeniomba nikufundishe kuimba, na kila nikifikiria nianzie wapi, mawazo yananirudisha kwenye alasiri moja ya ukungu kanisani Bwera, nikiwa bado msichana wa kwaya.

Mwalimu wetu, Baluku, alikuwa mkali kwa jambo moja: pumzi. Alitulaza chali sakafuni, mikono juu ya tumbo, tuone tumbo likipanda kabla sauti haijatoka. Mimi nilipenda kupaza tu.

“Kabugho,” aliniambia, “unaita kama wapagazi wa mpakani Mpondwe. Mwenzako utamsikia saa ngapi?”

Mwenzangu alikuwa Masika, sauti ya pili. Mvua kubwa zilipokuja, mto ulimchukua akivuka kwenda shamba. Hakupatikana. Nafasi yake kwenye benchi tuliiacha wazi. Mama yake akawa anakuja kila mazoezi, anakaa mlangoni, haongei na mtu.

Alasiri hiyo ukungu ulishuka mlimani hadi madirishani. Tulikuwa katikati ya wimbo wa maziko niliposikia sauti ya pili, laini, iko palepale pake. Nikageuka. Benchi tupu. Wenzangu nao walikuwa wamesikia. Mmoja mmoja wakanyamaza. Ile sauti ikaendelea peke yake.

Mkono wa mwalimu ulikuwa umeganda hewani. Nikashika kitenge changu nikimbie, ndipo mama yake Masika akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu msiba.

“Ni mutoto yangu,” alisema. “Musimuache peke yake.”

Nikashusha mabega, nikajaza hewa tumboni, nikalegeza taya, nikaimba chinichini, nikisikiliza anapopumua ili nami nipumue hapohapo. Wenzangu wakaingia taratibu. Tukafika mwisho pamoja naye. Mama Masika akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia muda wote ule. Jumapili iliyofuata aliketi ndani, katikati yetu.

Ilikuwa nini, mwanangu? Sijui hadi leo.

Ninachojua ni hiki: pumua kwa tumbo, si kwa mabega. Usikaze koo. Anza chini, sauti ipate moto kabla hujaipandisha, na ikichoka ipumzishe. Zaidi ya yote, msikilize unayeimba naye, hasa unapoogopa.

Mungu akujalie pumzi ndefu, na kila unayeimba naye afike nyumbani salama.