Saa Niliyoipandisha Pikipiki

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kalemie, na juzi niliaibika mbele ya darasa zima. Inspekta, Mama Feza, alikuwa amekaa nyuma akinipima. Nilikuwa nafundisha ile nadharia isemayo kwamba saa inayosafiri huenda polepole kuliko iliyotulia. Nikitaka kurahisisha, nikasema ni mtikisiko tu: mwendo husumbua magurudumu ya ndani, nayo yanazubaa.

Ili nithibitishe, niliacha saa moja mezani, nyingine nikaenda nayo kwa pikipiki hadi bandarini na kurudi. Kweli, ilikuwa nyuma! Wanafunzi wakapiga makofi, nami nikainama kama waziri.

Mama Feza akasimama. "Papa mwalimu, wakati ukichelewa, unachelewa kwa vitu vyote, hata moyo wako. Simu ilikuwa mu mufuko yako. Inaonyesha saa ngapi?"

Nikaitoa. Ilikuwa sawasawa na saa iliyobaki mezani. Nikaanza kujitetea kwamba simu haina magurudumu. Yeye akachukua saa yangu, akaiweka sikioni, akanitazama kwa huruma.

"Papa, hii saa haikuchelewa. Ilikufa ku njia."