Mgonjwa Niliyemkatalia Gari

Ndiyo, tunaweza kukataa. Wauguzi wapya wanaoletwa kituoni kwetu huniuliza swali hilo siku ya kwanza, nami huwajibu hivyo hivyo bila kupamba. Gari la wagonjwa ni moja, simu ni nyingi, na si kila anayepiga simu ana mgonjwa. Wapo waliotuita tuwafikishe mjini kumwona ndugu aliyelazwa. Kuna mzee mmoja wa Buzebazeba alitaka kupakia na gunia la mihogo, akaapa kwamba ni chakula cha mgonjwa. Dereva anaangalia barabara, muuguzi anaangalia mgonjwa, na muuguzi akisema hapana, gari linageuka tupu. Nikishawaeleza hayo huwa nanyamaza, maana kuna hapana moja niliyoisema mimi ambayo sijawahi kuwasimulia.

Ilikuwa mtaa wa Rusimbi, saa nne asubuhi. Aliyepiga simu alikuwa mwanamke wa rika langu, muuza vitenge, akasema mama yake hayuko sawa. "Hayuko sawa" nilikuwa nikiisikia kila siku, na nilikuwa siipendi, kwa sababu haisemi kitu. Dereva wetu, mtu mzima aliyezaliwa na kukulia huku huku Ujiji, aliliacha gari mwanzo wa uchochoro kwa kuwa lisingepita, akabaki kwenye usukani. Nikaingia peke yangu na mkoba wangu.

Bibi alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, kajifunga kitenge safi na mtandio kichwani. Familia yao ilivuka ziwa kutoka Kongo zamani sana, na mtaani wanajulikana kwa ustaarabu wao. Nikapiga goti, nikasema shikamoo. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," sauti safi kabisa. Nikampa mkono. Akanipa wa kushoto.

Hapo inabidi niseme ukweli juu yangu. Mimi ni Muha wa Kasulu. Nilikuja mjini na Kiswahili cha shule chenye lafudhi ya nyumbani, na miaka ya mwanzo nilichekwa vya kutosha, dukani, bombani, hata na wagonjwa wenyewe. Tangu hapo nikawa mwepesi wa kuhisi dharau. Mtu mzima anayejua adabu akinyoosha mkono wa kushoto kwa mgeni, mimi nilijua maana moja tu, kwamba nimeonekana sistahili wa kulia.

Nikamwuliza anaumwa wapi. Akasema alhamdulillah. Tangu lini? Alhamdulillah, mwanangu. Kichwa je? Akatabasamu, akasema karibu. Kila nilichouliza alinirudishia maneno ya salamu, nami nikaona ananifukuza kistaarabu. Nikampima presha, ikawa juu, lakini wazee wengi wa mji huu presha zao ziko juu na nilikuwa nimeshazoea. Sukari ilikuwa nzuri. Homa hakuwa nayo. Sikumwambia ainue mikono yote miwili. Sikumwambia asimame. Hayo mawili yanachukua dakika moja, tunafundishwa mpaka tunayaota, na sikuyafanya kwa sababu nilikuwa nimeshakasirika.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, khanga kaikunja mkononi. Akaanza kusema, "Sista, tangu alfajiri mama..." Nikamkata kauli. Nikamwambia namwuliza mgonjwa, simwulizi yeye, na mgonjwa anajibu vizuri tu. Akanyamaza. Nikafungua daftari la safari, nikaandika kwamba mgonjwa anajieleza na hahitaji gari, nikampa binti asaini bila kumsomea. Alishika kalamu kitambo, akaniangalia, akasaini.

Ningependa kusema niliharakisha kwa sababu ya mjamzito aliyekuwa akitusubiri Buzebazeba. Ni kweli kituo kilipiga simu kutuambia habari zake. Lakini simu hiyo ilinikuta uchochoroni, nimeshawapa mgongo.

Garini sikufunga mdomo. Nilimwambia dereva kwamba watu wa mji huu watanizika na kiburi chao, wanatuita mbio kisha wanatupa mkono wa kushoto kama tumekuja kuomba. Tulikuwa tumeshashika lami. Akauliza mkono gani. Nikamwambia wa kushoto, tena na tabasamu juu. Akapunguza mwendo.

"Bibi wa nyumba ile?" akasema. "Yule ndiye aliyetufundisha sisi wote mtaani kula kwa mkono wa kulia. Ukikosea anakupiga vidole na mwiko." Akaegesha kabisa pembeni. "Sista, yule hawezi kukupa wa kushoto. Labda wa kulia umegoma."

 Kwa mara ya kwanza yale majibu yake niliyasikia yalivyokuwa. Marahaba, alhamdulillah, karibu, mwanangu. Hakuwa ametamka neno jingine lolote. Nilikuwa nimekaa mbele ya kiharusi, nimeshikana nacho mkono, nikakinunia.

Lakini Buzebazeba nako kulikuwa na mtu. Nikapiga simu kituoni, nikauliza chupa imepasuka, damu ipo, uchungu unaachana muda gani. Nikasubiri waulize huko na wao wanijibu. Mimba ya kwanza, uchungu bado uko mbali, damu hakuna. Nikawaambia wamlete kwa bajaji na mama mkwe wake. Nilichagua bila kumwona. Alijifungua salama jioni ile, na namshukuru Mungu mpaka leo, kwa sababu angedhurika nisingekuwa na pa kuuweka uso.

Dereva aligeuza gari, akawasha king'ora. Mbele yetu lori la dagaa lilikuwa linarudi nyuma kuingia ghalani, limeziba njia yote, na utingo anapiga bodi taratibu kana kwamba hana haraka na dunia. Nikashuka nikakimbia. Nilikimbia na mkoba, na viatu vya kazi, watu wa barazani wananitazama. Kutoka kwenye kusaini mpaka kurudi kwangu haikufika nusu saa. Binti alikuwa tayari nje ya uchochoro, miguu mitupu, simu mkononi. Akaniambia mama amelala na haamki.

Alikuwa ameanguka ubavu, mdomo umevutwa upande, anakoroma. Machela ilikataa kukata kona ya uchochoro. Tukambeba na mkeka wake, mimi, dereva na majirani wawili, binti nyuma ameshika miguu. Mkono wa kulia ulining'inia nje ya mkeka, nikaurudisha kifuani pake, ukaanguka tena.

Barabara ya kupanda mjini sijawahi kuiona ndefu vile. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni mwa gari, nimemlaza ubavu asipaliwe, namwita. Bibi. Bibi. Hakuitika. Sijui kwa nini, nikasema, "Shikamoo, bibi." Midomo ikacheza. "Marahaba," akasema, kwa ulimi mzito. Binti yake akaanza kulia. Nikasema tena shikamoo, akajibu tena, kwa shida. Mara ya tatu hakujibu.

Daktari alitueleza baadaye kwamba ubongo ukipata pigo la namna ile, maneno ambayo mtu ameyasema tangu utotoni ndiyo mara nyingi hubaki. Anaweza kukuitikia salamu kutwa nzima na asiwe na neno la kukuonyesha anapoumia. Sikumwuliza kama ile nusu saa ingebadilisha chochote. Naye hakusema.

Bibi alifariki siku ya tano. Nikaenda msibani kwa nguo za kawaida, nikakaa nyuma na wanawake waliokuwa wakichambua mchele. Binti aliponiona aliinuka, akanishika mkono mbele ya watu, akawaambia huyu ndiye sista aliyerudi mwenyewe bila kuitwa. Wakanishukuru. Mama mmoja akaniombea dua. Nilijisikia mwizi aliyeshukuriwa na mwenye mali.

Sikuweza kuvumilia. Nikamvuta pembeni, karibu na masufuria, nikamwambia yote. Kwamba sikuondoka kwa sababu mama yake alikuwa mzima. Niliondoka kwa sababu nilikasirika, na kama dereva asingeuliza, nisingerudi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na kusema kweli nilitaka anitukane.

Hakunitukana. Alisukuma kuni motoni, akasema kwamba alfajiri ile uji ulikuwa unamtoka mama yake kwenye pembe ya mdomo, kila kijiko, akawa anaufuta kwa khanga. Khanga ilikuwa mkononi mwake nilipoingia, bado mbichi. Alitaka kunionyesha.

Nikamwuliza mbona hukusema tena, hata niliponyoosha daftari.

"Nilikuona umekunja uso," akasema. "Nikajua nikikuudhi utaondoka na gari. Nilinyamaza ili usituache."