Mshono wa Nyumba ya Darlene

Nyumba ya Darlene Hrynchuk ilitengenezwa kiwandani, ikaletwa kwa malori mawili, nusu huku na nusu kule, ikaunganishwa juu ya nguzo za chuma pembeni mwa mji mmoja mdogo wa Alberta. Aliinunua alipouza shamba, baada ya mumewe Nestor kufariki. Curtis, muuzaji, meno yote nje, alimwambia, "Mama, hii ni mpya kabisa na ina dhamana. Kitu kikiharibika unapiga simu tu, unaendelea na chai yako."

Theluji ilipoanza kuyeyuka, maji yalipita pale pale nusu mbili zilipokutana. Yalilowesha dari ya sebule, yakaingia ukutani, na nyuma ya kabati la chumba cha kulala pakaota kuvu jeusi lenye harufu ya soksi zilizolaliwa wiki nzima. Darlene alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote, uchafu wa watoto alishauzoea. Huu ulimshinda, maana ulikuwa uchafu mpya, umenunuliwa kwa pesa za shamba la Nestor.

Akapiga simu. Kiwanda kikasema nusu zote mbili zilitoka kwao zikiwa safi, waulizwe waliounganisha. Waliounganisha wakasema nusu moja ilifika imepinda, kiulizwe kiwanda. Curtis, ambaye siku za kuuza alipokea simu kabla haijalia vizuri, sasa kila akitafutwa ametoka kidogo. Watu wa kampuni ya dhamana ndio waliokubali kutuma mkaguzi, lini hawakusema, ila wakamwonya asiguse kitu. Maji hayakuonywa na mtu.

Watu wa kule babu zao walitoka Ukraine wakakuta misitu na mbu, na nyumba za kwanza walijengeana. Mpaka leo ukisikia paa la jirani linavuja, huulizi, unabeba ngazi. Kumwacha mjane alowe huku wewe unacheza karata ni aibu itakayokusubiri mlangoni mwa kanisa. Basi Jumamosi moja akaja Orest Bilyk, rafiki wa Nestor tangu utoto, na wanaume wengine wawili na ndoo ya lami.

"Wamesema tusiguse," Darlene akamwambia.

"Wamesema akina nani? Wale wa kwenye simu? Wao wanalala humu?"

"Orest, kuna dhamana."

"Shemeji, dhamana imeziba tundu gani? Hebu kapike, tuna njaa."

Angemfukuzaje? Kumfukuza Orest na ngazi yake ni kumtemea mate. Akaingia jikoni akachemsha pyrohy, zile sambusa za kuchemsha za viazi na jibini, akazimwagia siagi na vitunguu, huku juu wanaume wakifumua mshono wote wa paa, wakitupa vilivyooza, wakiufunga upya kwa bati na lami. Walikula mpaka wakafungua mikanda. Maji yakakoma.

Ndipo mkaguzi akaja. Bi Laframboise alikuwa mwanamke mpole, amevalisha viatu vyake mifuko ya plastiki ili asichafue sakafu. Alitazama kuvu, akasikitika. Akapanda paani, akashuka bila lile sikitiko.

"Nani amegusa pale juu?"

"Lilikuwa linavuja kabla halijaguswa," Darlene akasema. "Niliwapigia simu mpaka mkanizoea sauti."

"Naamini. Lakini sasa hatuwezi kujua kosa lilikuwa la nani." Akakaa, akashusha sauti kama mtu anayetoa pole msibani. "Mama, kuna njia. Nitajie aliyefanya. Sisi tutatengeneza nyumba yako yote, paa, dari, ukuta. Halafu tutamdai yeye."

"Mtamdai vipi?"

"Kisheria tu. Watu wa huku si wana mashamba?"

Darlene alisogeza chai yake pembeni. Alifikiria kuvu nyuma ya kabati, na kile kikohozi kilichomwanza tangu limeota, na kwamba nyumba nyingine hatapata tena. Jina lilikuwa fupi, halikuhitaji hata pumzi mbili. Yule mwanamke alimngojea kwa upole wake unaonata.

"Nilifanya mwenyewe," akasema.

"Wewe, unayechechemea hivyo? Na goti hilo?"

"Nilipanda polepole."

"Unajua ukisema hivyo dhamana ya paa imekufa, na ya ukuta pia?"

"Nimekusikia."

"Nilitaka kukusaidia, mama," akasema Bi Laframboise, akavua mifuko yake ya plastiki, akamwachia pale mlangoni. Darlene aliiokota kwa koleo la moto.

Orest akaja siku ya pili yake. "Walikuja? Walisemaje?"

"Walisema kazi ni nzuri," Darlene akamdanganya, akamgeuzia mgongo kupoza chai.

Orest akavimba kama mkate. "Si nilikwambia? Sasa sikiliza. Oksana binti yangu naye kanunua kama hii, kwa Curtis huyo huyo, na mshono umeanza kudondosha. Jumamosi tunapanda paa lake. Lami imebaki."

Darlene akaweka kikombe chini. "Kaa, Orest. Paa la Oksana usiliguse."

"Kwa nini? Si wamesifu?"

Akamweleza yote, hata lile la mashamba. Orest alisikiliza akitazama mikono yake, lami bado imo kwenye kucha.

"Kwa hiyo nyumba nimekuharibia mimi."

"Wao, Orest. Wao ndio wameharibu."

Orest akaanza kukwangua lami ya kwenye kucha. Chai ilipoa mbele yake, na Darlene aliwachukia wale watu wote, wa kiwanda na wa simu na wa viatu vya plastiki, chuki iliyomkausha mdomo. Mwishowe Orest akanyanyuka kwenda. Mlangoni aliona kitasa kimelegea. Mkono wake ukaenda mfukoni penye bisibisi, kama ulivyokwenda maisha yake yote katika kila nyumba aliyoingia, ukasimama hapo.

"Hiki," akauliza, bila kumtazama, "naruhusiwa kukigusa?"