Sanduku Lenye Mishikio ya Ngozi

Mume wangu nilimjua kwanza kwa masikio. Uso wake nilikuwa nimeuona mara moja tu, kanisani siku ya kufunga ndoa, na siku hiyo nililia mno hata angekuwa na pembe nisingeziona. Nilichokijua vizuri ni sauti ya randa yake upande wa pili wa kiambaza cha matete. Ilikwenda taratibu, ikakatika, ikaanza tena, asubuhi mpaka jioni.

Hiyo ilikuwa Ihembe, miaka michache kabla ya Uhuru. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Kimuli, kwenye mbuga za nyasi, ambako ukisimama mlangoni unamwona mgeni tangu akiwa mdogo kama nzi, na unapata muda wa kuchemsha maziwa kabla hajafika. Nikaozwa kwa wakulima wa ndizi na kahawa. Baba yangu na baba yake walikuwa wakikutana kwenye mikutano ya kanisa. Walipendana wao, wakatuoza sisi.

Kwa desturi ya huko bi harusi, omugole kama tunavyomwita, hukaa ndani kwa muda. Anawekwa nyuma ya kiambaza, anapakwa samli, analishwa mpaka mashavu yang'ae. Halimi, hachoti maji, na mchana haonwi na watu. Wasichana wenzangu waliniambia hiyo ndiyo raha ya maisha yote, maana ukishatoka hapo ni jembe mpaka kaburini. Mimi niliona nimetiwa zizini. Nyumba ilizungukwa na migomba hadi mlangoni, na nikichungulia kwenye upenyo wa ukuta nilikuwa naona majani tu. Asubuhi ekitoke, yaani ndizi za kupikwa, jioni ekitoke. Nimelelewa kwa maziwa, na zile ndizi zilinikaa kooni.

Lakini nilikuwa na mpango wangu. Muda wa kukaa ndani ukiisha, omugole hupelekwa kwao na zawadi kuwasalimia wazazi, akae siku kadhaa, kisha arudi kwa mumewe. Akikataa kurudi, basi. Wazee watakaa, mchungaji atakasirika, ng'ombe wa mahari watarudishwa, lakini hakuna atakayemfunga kamba. Nilikuwa nimeshaamua. Siku hiyo ikifika nakwenda Kimuli, na Ihembe hawanioni tena. Sikumwambia mtu. Usiku mume wangu alipokuja kulala alinikuta nimegeukia ukutani, na hakupata neno kutoka kwangu. Hakunigusa wala hakununa. Nilidhani ni mjinga kidogo.

Alikuwa seremala, kazi aliyojifunza misheni. Mvua za masika zilipoanza aliingiza mbao zake ndani, akawa anafanyia kazi chumba cha mbele, mama yake akimenya ndizi pembeni. Ukoo ule ulikuwa na utaratibu kwamba mwanamke anayeolewa anapewa sanduku la kuwekea vitu vyake vya thamani, na mume ndiye anayelitafuta. Wengine walinunua kwenye maduka ya Kayanga. Huyu wangu alisema atalitengeneza mwenyewe.

Siku moja nikamsikia mama mkwe akimuuliza, "Sasa mbona hukati? Tangu asubuhi unazilamba hizo mbao tu."

"Sijui urefu," akajibu.

"Urefu wa sanduku si urefu wa sanduku? Tengeneza kama la kaka yako."

"Vitu vya mke wa kaka havitakaa kwenye hili. Namuuliza mwenyewe."

Nikasikia hatua zikisogea, kisha tete moja jembamba likapenya kwenye upenyo wa kiambaza, likasimama mbele ya pua yangu. Sauti yake ikasema polepole, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, "Pima kitu chako kikubwa kuliko vyote. Vunja panapotosha, unirudishie."

Nilikasirika. Mimi ninapanga kuondoka, na yeye ananipimia sanduku! Nikalivunja tete lile kwa urefu wa kidole changu kidogo, nikamsukumia kile kipande. Kisha mama mkwe akaangua kicheko hadi kisu kikamponyoka. "Maawe! Huyu anataka sanduku la kuzikia mjusi!"

Mume wangu hakucheka. Nikasikia msumeno, halafu patasi, halafu mapigo madogo madogo ya nyundo. Aliendelea hivyo siku nzima na kesho yake. Nikajiuliza anafanya nini, nikajikuta nimesogea karibu na kiambaza nikitega sikio. Harufu ya mvule ilikuwa imeingia mpaka kwenye blanketi langu. Halafu tete la pili likapenya.

"Kile kidogo nimekimaliza," akasema. "Ni kijisanduku, kitakaa kwa ndani, kwenye kona. Kinatosha kabisa lile tete lako. Ila sijui unaweka nini humo, kama kinahitaji kifuniko au la."

Alisema hivyo bila mzaha hata kidogo. Nilikuwa nimemtukana kwa tete, naye akalichukua tusi langu akalipimia, akalirandia, akaliunga meno kwa meno. Ningefanya nini? Nilicheka. Nilijiziba mdomo kwa nguo, lakini kicheko kilitoka puani, na mama mkwe akasikia, akakohoa kwa heshima akajifanya anafukuza kuku.

"Sijui," nikamjibu. Hilo ndilo neno langu la kwanza kwa mume wangu.

"Basi nitaweka kifuniko," akasema. "Ukijua utaniambia."

Lile tete la pili nililipima kweli. Nilikuwa na ekyanzi, chombo cha maziwa cha mti, chenye mfuniko wake mrefu uliosukwa kwa ukili. Mama alinipa nilipokuwa naondoka, kikiwa bado kinanuka moshi wa majani yetu. Pale Ihembe hapakuwa na maziwa ya kutia humo, nikawa nakikumbatia kama mtoto. Nililisimamisha tete kando yake, nikalivunja juu ya ncha ya mfuniko, nikalirudisha. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuamini tete, sanduku likawa refu kwenda juu, jembamba, halifanani na sanduku la mwanamke yeyote katika Ihembe nzima. Ubao mmoja haukutosha kimo, ikabidi aunge mbao mbili kila upande. Majirani waliokuja kuota moto walimuuliza kama anajenga choo. Alikuwa anawajibu, "Mwenyewe ndiye amepima."

Kuanzia hapo nilizijua kazi zake kwa sauti. Randa ikilalamika, nilijua amekutana na fundo la mti. Patasi ikinyamaza ghafla, nilijua amekaribia mwisho wa jino na anapuliza vumbi aone vizuri. Alikuwa na tabia ya kusema na mbao: "Taratibu, mama, taratibu." Mwishoni alisugua kwa majani ya msasa, kisha kwa nta ya nyuki, na wakati wa nta nyumba nzima ilikuwa inanukia asali. Nilianza kula. Ekitoke, ukiwa na njaa, si kibaya.

Lakini msidhani nilibadili nia. Nilikuwa mkaidi, na Kimuli ilikuwa inaniita kila nikifumba macho. Nilimhurumia tu, nikawa naona aibu kidogo kwamba mtu anahangaika hivi kwa ajili ya mwanamke anayeondoka.

Siku ya kwenda kwetu ikafika. Nilitoka mchana kwa mara ya kwanza, mwanga ukaniumiza macho, nikaliona sanduku uani. Jamani, lilikuwa zuri. Mbao zile zilikuwa zimekuwa nyekundu kwa nta, na pembe zake zimeng'atana kiasi kwamba kucha isingepita. Vitu vyangu vyote vilikuwa vimeshawekwa ndani, ekyanzi kimesimama katikati. Ila ubavuni, kila upande, palikuwa na mshikio wa ngozi ya ng'ombe, nene, iliyoshonwa mara mbili na kupigwa misumari ya kutosha. Sanduku la ndani huwekwa miguuni pa kitanda likakaa miaka. Halina haja ya mishikio.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba akikata majani ya migomba ya kufungia zawadi. Mume wangu alikuwa anajaribu kupitisha mti mrefu kwenye mishikio ile, kama wanavyobeba machela. Nikamuuliza, "Hizi ngozi za nini?"

Hakuniangalia. "Nimekusikia unavyolia," akasema. "Kiambaza ni matete tu. Sitaki siku ukiondoka uache vitu vyako kwa sababu sanduku ni zito. Si la nyumba hii. Ni lako, liende unakokwenda."

"Nani kakwambia naondoka?"

"Hakuna." Akaukaza mti. "Kamba ingekata wabebaji mabega. Ngozi ni afadhali."

Shangazi yake akaja, tukaondoka, vijana wawili wametangulia na sanduku. Nilipogeuka, alikuwa amesimama kwenye maranda yake, anayakusanya kwa mguu.

Tulilala njiani kwa jamaa, kesho yake mchana tukatokea mbugani. Upepo wa Kimuli ulinipiga usoni nikatoa kilio cha furaha. Mama alinivua ushanga akanivalisha wake, baba akaniita kwa majina ya ng'ombe aliowapenda. Nilikunywa maziwa mpaka tumbo likauma. Nilikaa mlangoni nikiangalia mbali, mbali, bila jani la mgomba kunizibia. Shangazi wa mume wangu na wale vijana walikaa siku ya desturi, wakaaga, wakarudi Ihembe. Nami nikasema nitafuata.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikabaki kitandani nimetulia, nangoja kitu. Ng'ombe walikuwa wanalia, ndugu zangu wanakamua, kila sauti niliyoililia ilikuwepo, na bado nilikuwa nangoja. Nikatambua kwamba ninangoja randa. Nilijikasirikia kweli. Kesho yake ikawa vilevile. Nilimkumbuka. Sina namna nyingine ya kusema: mtu ambaye sikumpa hata salamu, nilimkumbuka mpaka kifua kikaniuma.

Mama alikuwa ananitazama. Hakuniuliza kama narudi au la. Jioni moja, tukifukiza vyombo vya maziwa, alisema tu, "Lile sanduku likibaki hapa, baba yako atajua la kuwaambia wazee. Likiondoka, atajua pia. Usituzungushe, mwanangu. Sema kwa sanduku."

Nikawaambia kaka zangu walinyanyue.

Sasa, mtu aliyekaa ndani kwa muda wote ule akilishwa na kupakwa samli hawezi kutembea na vijana wachunga ng'ombe. Kaka zangu walikwenda kama wanafukuza fisi, mimi nyuma nahema, na siku ya pili mwiba ukaniingia kisiginoni. Nikawaambia watangulie, njia naijua. Kilichotokea huko mbele nilisimuliwa na mama mkwe, na alikuwa akinisimulia kila mwaka mpaka alipofariki, kila mara akilia upya.

Alisema walikuwa wanaanika kahawa. Wakaona vijana wawili wasiowajua wanatokea kwenye njia ya migombani, mti begani, na sanduku linaning'inia katikati. Sanduku tu. Nyuma yao hapana mtu. Katika nchi yetu, zawadi ya mume ikirudishwa, maneno hayahitajiki tena. Mama mkwe akaweka mikono kichwani. Mume wangu aliwasaidia kaka zangu kulishusha taratibu, akalifuta vumbi la safari kwa shati lake, akapima kwa kidole kama meno ya pembe yameachia. Kisha akakaa chini kando yake, kwenye udongo, akaegemeza kichwa kwenye ubao. Kaka zangu walikuwa na kiu, wakaomba maji kwanza, kabla ya kusema kwamba nakuja nyuma. Vijana wa kiume!

Hivyo ndivyo nilivyowakuta nilipotokea nikichechemea kwenye kona ya migomba, viatu mkononi. Mama mkwe akapiga kelele. Mume wangu akainua uso, na ndipo nilipouona vizuri kwa mara ya kwanza, umelowa. Alisimama, akakaa tena, kama mtu aliyesahau miguu inavyotumika.

"Nilidhani umelirudisha," akasema.

"Nani arudishe? Ni langu," nikamwambia. "Wewe ndiye ulisema liende ninakokwenda."

Akaona ninavyosimama kwa mguu mmoja, akanikalisha juu ya sanduku, mbele ya mama yake, mbele ya kaka zangu na majirani waliokuja kwa zile kelele, akapiga magoti akashika kisigino changu autoe ule mwiba. Akauvuta kwa haraka, akashindwa, akajaribu tena, akashindwa. Nami nikainama, nikamwambia sikioni, "Taratibu. Siendi popote."