Jiwe la Maili Ishirini na Tatu

Mjini kuna jiwe moja la maili ambalo kila mtembeza wageni analijua. Wageni wanapelekwa pale, wanasoma umbali wa kwenda vijiji vya shamba na umbali wa kwenda London, wanacheka, wanapiga picha, kisha wanashuka Forodhani kula mishikaki. Sina ugomvi na jiwe hilo. Ugomvi wangu ni na wanaodhani kwamba ndilo pekee. Jiwe likikwambia ni maili kadhaa mpaka Chwaka, maana yake njia nzima ya Chwaka ilikuwa na mengine, moja kila maili, yakimhesabia njia mtu wa miguu na mtu wa baiskeli. Yamekwenda wapi? Nilipostaafu ualimu niliamua kuyatafuta mwenyewe, kwa kuwa kila niliyemuuliza alinijibu kwa swali: ya nini?

Nilikuwa na vespa kuukuu, futikamba na daftari la hesabu lililobaki shuleni. Nilikuwa nikisoma mita ya vespa, na kila baada ya kilomita moja na nusu hivi nazima injini, nashuka, naingia majanini na buibui langu nimelipandisha. Polisi wa barabarani walinizoea, wakawa wananiuliza kama leo nimepoteza hereni au bangili. Jiwe moja nililikuta ni kidato cha kupandia dukani njia ya Mkokotoni, maandishi yametazama chini. Jingine, Bwejuu, limenolewa visu na watu wa nyumba moja mpaka limebonyea katikati. La tatu lilikuwa limefungwa mbuzi. Mwenye mbuzi aliniuliza kama natoka serikalini. Nikamwambia natoka nyumbani kwangu.

"Basi wataka nini hapa?"

"Kuliona tu."

Hakuniamini hata kidogo. Wiki ya pili nilipopita, kando ya jiwe pamechimbwa shimo la kumfika mtu kiunoni. Walidhani nimekuja kupima dhahabu iliyofukiwa. Nilicheka njia nzima mpaka mjini, na ningelitia akilini shimo lile kama ningekuwa na busara zaidi.

Sababu ya kweli sikuwa namwambia mtu. Baba yangu alikuwa kibarua wa barabara. Kazi yake ilikuwa kusafisha mitaro na, mara moja kwa mwaka, kupaka mawe ya maili ya njia ya kusini: chokaa jiwe zima, rangi nyeusi kwenye namba. Alikuwa akienda na baiskeli, ndoo imening'inia upande mmoja, kopo la rangi upande wa pili, na siku za likizo ya skuli alinipakia mimi mbele. Baba hakujua kusoma hata jina lake. Namba alizijua, kwa sababu alizipita kwa brashi kila mwaka, akifuata mfereji uliochongwa. Mkono wake ulikuwa haukosei, isipokuwa mwisho kabisa. Akifika kwenye mkia wa tarakimu ya mwisho, brashi ilitoka nje ya mfereji kidogo, kiasi cha ukucha.

Nilikuwa darasa la tatu, mjuaji, na nikamwambia amekosea.

"Sijakosea," alisema. "Jiwe kachonga mwengine. Namba kapanga mwengine. Hapo palipozidi ndipo pangu mie."

Alifariki kabla sijamaliza chuo cha ualimu. Picha yake hatuna. Hakuna karatasi yoyote yenye mkono wake, maana pa kutia saini alitia dole gumba. Kwa hiyo watu waliponiuliza ya nini, nilikuwa naumia na kukasirika kwa pamoja, nikiwasha vespa yangu na kwenda zangu.

Jiwe la ishirini na tatu nililipata mwaka wa pili wa kutafuta, mbele ya msitu wa Jozani, karibu na kijiji alikozaliwa mama. Miaka yote lilikuwa limesimama chini ya upenu wa kibanda cha mtu, na kibanda kilipoanguka, makuti yaliliangukia na kulifunika. Nilipoyatoa makuti niliona chokaa imekuwa manjano, lakini namba nyeusi ipo. Mbili, tatu. Na mkia wa tatu umetoka nje ya mfereji kiasi cha ukucha. Nilikaa chini pale pale, nikalia kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa akipita na kuni alisimama kunipa pole ya msiba. Nikaipokea.

Miezi michache baadaye walianza kupanua barabara. Nilipokwenda kulitazama jiwe langu nikakuta limepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu ubavuni. Nikaenda kwenye ofisi ya mradi. Ofisa aliyenipokea alikuwa na adabu, alinipa shikamoo na kiti, akafungua orodha yake ya vitu vya kulindwa: visima, makaburi, misikiti, minazi ya kulipwa fidia.

"Bi Mkubwa, jiwe hilo halimo kwenye orodha."

"Litie."

"Kinachoingia ni kile kilichotajwa na watu wa kijiji kwenye kikao. Kikao kishapita."

"Basi kaiteni kikao chengine."

Alitabasamu. Akanishauri niandike barua. Niliandika barua tatu, za mwandiko wa ubaoni, na mpaka leo sijapata jibu hata la moja. Kisha nikasikia kwamba katapila litafika pale Jumatatu.

Sasa nieleze nilichokifanya, na sitakipamba. Mimi ni mwalimu niliyefundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba mti ni mti na pango ni pango. Lakini pia ni mjukuu wa watu wa kusini, na nilipokuwa mdogo nimeona jinsi mahali pa mzimu panavyovikwa. Jumatatu ile nilifika kabla jua halijapanda. Nikalifunga jiwe kitambaa chekundu. Mbele yake nikaweka chetezo cha udongo, nikatia makaa na ubani, nikanyunyiza marashi, nikaweka yai moja juu ya jani la mgomba. Kisha nikavuka barabara, nikakaa juu ya gogo na chupa yangu ya chai.

Katapila lilifika saa mbili. Dereva alikuwa kijana wa kifua kipana, amefungulia muziki. Alilisogelea jiwe, akaona moshi, akazima muziki. Akashuka, akatazama bila kugusa, akapanda tena na kurudi nyuma taratibu. Msimamizi wake alikuja mbio.

"Vipi, mbona hufanyi kazi?"

"Hapo mie simo," alisema dereva. "Nna watoto. Kama wataka, panda mwenyewe."

Msimamizi hakupanda. Alimpigia simu fulani, huyo naye akampigia fulani, na ilipofika adhuhuri walikuwa wamepigilia vigingi upya, njia imepinda ikalizunguka jiwe. Barua tatu zilishindwa na yai moja. Nilirudi mjini nimejaa kiburi, na sioni haya kusema kwamba kilikuwa kitamu.

Dada yangu mkubwa, ambaye naishi naye na ambaye anasomesha Kurani wanawake wa mtaa wetu, hakucheka nilipomsimulia.

"Mdogo wangu, umewafungulia watu mlango wa shirki kwa ajili ya rangi."

"Nia yangu mimi ni jiwe, Dada. Wala sijaliomba kitu."

"Wewe hujaliomba. Wenziwo je?"

Nikamwambia watu wa siku hizi si wajinga. Akaendelea kupepeta mchele.

Nilikaa mwezi na zaidi bila kwenda, kwa sababu vespa iliharibika na kwa sababu nilikuwa nakwepa maneno ya Dada. Nilipokwenda, lami ilikuwa imekwisha kumwagwa, nyeusi na laini, na ile kona ilikuwa pale pale. Nikaegesha vespa. Kitambaa changu sikukiona, kimefunikwa na vitambaa vyengine, vyekundu, vyeupe na vyeusi. Vyetezo vilikuwa vinne. Jiwe lilikuwa linang'ara. Nikalisogelea, nikaona linang'ara kwa mafuta ya nazi. Watu walikuwa wanalipaka mafuta na marashi na kulisugua kwa viganja, kila mmoja na haja yake. Nikavipandisha vitambaa juu. Chokaa ilikuwa imetoka yote. Namba nyeusi ilikuwa imetoka. Mfereji uliochongwa ulikuwepo, mtupu, na ule mkia wa baba uliotoka nje ya mfereji ulikuwa haupo kabisa. Kile nilichokuja kukiokoa nimekifuta mimi, kwa mikono ya watu waliokuja pale kwa sababu yangu.

Sikupata nafasi ya kulia safari hii. Nyuma yangu palikuwa na mwanamke amekaa juu ya mkeka, amempakata mtoto wa miezi kama minane. Nilimgusa mtoto shingoni. Alikuwa anaunguza.

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu leo, Bibi."

"Umempeleka kituo cha afya?"

"Nimeambiwa nianze hapa. Hapa pameshinda mpaka katapila."

Nilimwambia pale pale, "Hakuna mzimu hapa. Kitambaa cha kwanza nimekifunga mimi. Hili ni jiwe la maili." Hakunisikia, au alinisikia na hakutaka. Sikubishana naye zaidi. Nilimwambia apande vespa, nami nikaendesha mpaka kituo cha afya, mbio kuliko nilivyowahi, yeye nyuma amemkumbatia mtoto na mimi kwa pamoja. Walimtundikia maji na dawa, na daktari alinikemea mimi, akidhani ni bibi yake, kwa kuchelewa. Nikakubali kukemewa. Mtoto alipona. Nasema hivyo mapema ili asiyejua asikae roho juu, lakini mimi nilikaa roho juu siku mbili nzima.

Siku ya tatu nilikwenda kijijini na Dada. Yeye ndiye aliyetaka kuja, akasema nikiachiwa peke yangu nitageuza kuomba radhi kuwa somo. Tulifika baada ya sala ya alasiri, watu wanatoka msikitini. Nikawaomba waje mpaka kwenye jiwe. Nikawaeleza yote: baba, namba, ofisi, barua, yai. Mzee mmoja aliyemjua mama yangu akasema:

"Kwa hivyo Mwalimu umetufanya wajinga."

"Nimewafanya, Mzee. Nimekosa, na nawaomba radhi."

"Na kwenye kikao ungetwambia, sisi tungelitaja hilo jiwe. Lingeingia orodha bila ya yai."

Nilihangaika na ofisi na barua, na sikuwahi kubisha hodi hata mlango mmoja wa kijiji cha mama yangu.

Nikaanza kuvifungua vitambaa. Mwanamke mmoja alinifokea, akasema kimoja ni chake na haja yake bado. Nikamkabidhi mkononi. Wengine wakanisaidia, wengine wakaondoka wakinung'unika. Nikatoa sabuni na brashi ya kufulia, nikalisugua jiwe mafuta yote, Dada akinimiminia maji. Wakati huo msimamizi wa barabara alisimamisha gari. Alikuwa amesikia, habari haikai kijiji kile.

"Kumbe ulitudanganya, Bi Mkubwa."

"Ndiyo. Nimedanganya, na nimeshaomba radhi kwa niliowakosea. Nyinyi bado hamjanijibu barua zangu."

Aliitazama kona. Lami ilishakauka, mistari myeupe ilishachorwa, na kibao cha manjano cha kuonya kona kilishapigiliwa kando yake. Kibao kile kimo kwenye orodha, nimehakikisha. Kunyoosha njia sasa kungekuwa kuivunja upya, na angelazimika kumwandikia mkubwa wake kwamba aliipindisha kwa ajili ya yai.

"Liache hapo hapo," alisema.

"Sikuwa nakuomba," nikamwambia. Dada alinifinya. Nilistahili kufinywa, lakini maneno yale siyarudishi.

Chokaa tuliipaka jioni ile. Kesho yake asubuhi nilirudi na kopo dogo la rangi nyeusi. Watu walikuwa wamekusanyika tena, safari hii kuhakikisha nafanya nilichosema. Mama wa yule mtoto alikuwepo, mtoto yuko mgongoni, anatafuna pindo la kanga. Nilipiga magoti. Sikuwa na mkono wa baba. Mbili iliniharibikia, ikabidi nifute na kuanza upya. Kwenye tatu nilikwenda polepole, ndani ya mfereji, kwa nidhamu ya mtu aliyefundisha watoto kutotoka nje ya mstari. Nilipofika kwenye mkia sikusimama. Brashi ikatoka nje kiasi cha ukucha.

"Mwalimu, hapo umekosea," alisema mama wa mtoto. "Imezidi."

"Sijakosea," nikasema, nikafunika kopo langu.