Fyuzi Mkononi mwa Mwanagenzi

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi; najua kwa kuwa king'ora cha chai kilikuwa kimelia saa nne kamili nami nilikuwa nimevuta sigara moja tu. Nilikuwa kwenye dirisha la stoo la kiwanda kimoja cha nguo hapa Kisumu, nikingoja mabaki ya vitambaa.

Kando ya mashine ya kukaushia, iliyokuwa imezimwa, alisimama binti mwanagenzi akifumbata fyuzi. Fundi wake alikuwa amemkabidhi kabla ya kuingia ndani ya mashine hiyo kuitengeneza, ili mtu asiiwashe yeye akiwa ndani.

Msimamizi akaja mbio. "Leta fyuzi, tuwashe."

"Fundi alisema nimrudishie yeye mwenyewe, bwana."

"Ametoka kwenye mashine kwa upande ule! Nimemwacha kantini anakunywa chai. Mimi ni mwongo?"

"Hapana, bwana. Lakini si wewe ulinipa."

"Basi kesho usikuje. Rudi kwenu Sondu ukalime."

Machozi yalimtoka binti, lakini ngumi haikufunguka.

Fundi, aliyesikia makelele, akatokea mlangoni mwa kantini, hatua chache tu kutoka hapo, na mandazi mkononi. Akapokea fyuzi yake, akamgeukia msimamizi. "Angekupa, bwana, ningemfukuza mimi. Nyathina, mwanangu, kesho kuja mapema."

Msimamizi akaguna, akaenda zake. Binti akashusha pumzi. Nami nikashusha yangu.

Huko Katito, karibu na kwao binti, husimuliwa kwamba fundi alikuwa bado ndani, akaponea chupuchupu. Si kweli. Mashine ilikuwa tupu, na binti alikataa huku harufu ya chai ya fundi ikitufikia sote.