Kula Sinia Moja na Mchoraji

Kwa miaka sita nimepanga chumba cha kutengenezea fremu za picha katika jengo la zamani la kiwanda huko Saltley, Birmingham, na miaka yote hiyo jirani yangu wa ukuta amekuwa mchoraji kutoka Norway. Ufundi wangu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima maktaba na kwa mbao nyingi nilizoziharibu. Yeye alisomea. Alikuja Birmingham akiwa kijana, kujifunza uchoraji, akabaki. Sasa ana nywele nyeupe na mgongo ulioinama kwa kazi. Anaishi kwa kuchora picha za vitabu vya watoto. Picha zake mwenyewe, za rangi, huzipaka Jumapili, na ni watu wachache waliowahi kuziona.

Tulizoeana kwa sababu sote wawili ni watu wa kupima. Kabla hajachora kitu hukipima kwa rula na kuandika vipimo daftarini: kimo cha birika, upana wa mlango wa duka la Coventry Road, hatua ya mwanamke aliyebeba mifuko miwili. Hachori kwa kutazama picha za simu. Husema simu haimwambii kitu kina uzito gani.

Mwaka jana kikundi cha akina mama wa Kitanzania na Kikongo kilimwomba achore kitabu kwa ajili ya watoto waliozaliwa hapa, wale ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakuelewa lakini wanakujibu Kiingereza. Picha moja ilitakiwa iwe ya familia inayokula sinia moja. Akaniuliza kama angeweza kuja kwetu Small Heath kutazama. Nikamuuliza shangazi yangu, tunayeishi naye, maana sinia ni lake na jiko ni lake.

"Aje," akasema shangazi. "Lakini mimi uso wangu haujawahi kuchorwa. Nikitoka vibaya, anitoe. Mwambie hivyo hivyo, usimpambie."

Nikamwambia hivyo hivyo. Akaandika daftarini.

Alikuja Jumamosi mchana. Siku ya kwanza huwa hachori, hukaa tu. Tulinawa, tukakaa mkekani, sinia la pilau katikati, naye akala kwa mkono wa kushoto. Ndio mkono wake tangu utotoni. Huchora kwa huo, huchonga kwa huo. Mke wangu akainamia bakuli la kachumbari. Shangazi akamsogezea nyama upande wake, akamwambia, "Kula baba, kula, umekonda." Mimi nikaendelea kula. Nilijiambia nitamweleza Jumatatu kazini. Jumatatu ikapita, na kila siku iliyofuata jambo likawa gumu zaidi, kwa kuwa ningelazimika kueleza pia kwa nini nilinyamaza.

Alirudi mara mbili na daftari lake. Alipima sinia. Alichora vidole vya shangazi vikikusanya wali, ukurasa mzima wa vidole.

Picha za kitabu kile alizichonga kwenye linoleamu, ile ya kutandika sakafuni. Ikishachongwa hupakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, na kila kitu hugeuka: cha kulia hutoka kushoto. Kwa hiyo kwanza huchora kwenye karatasi nyembamba, huibandika karatasi kinyume kwenye kioo cha dirisha, ndipo hunakili mistari inayoonekana kwa nyuma. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi.

Aliniletea mchapo wa kwanza, yaani karatasi ya kwanza iliyogandamizwa, niutilie fremu, kwa sababu ungetundikwa kwenye ukumbi wa akina mama wale kabla ya kitabu kwenda mtamboni kuchapwa. Niliupima mara mbili. Mara ya pili ndipo nilipoona. Watu watano wamelizunguka sinia, na wote watano wanakula kwa mkono wa kushoto. Hakuigeuza karatasi. Katika picha nyingine yoyote angelibaini kosa mwenyewe. Katika hii, mikono yote ilikuwa kama mkono wake mwenyewe, jicho lake likapita bila kukwama.

Nilijua napaswa kumwambia. Nikaanza kwa kukata mbao. Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi shangazi akaja mwenyewe kwa basi, koti zito juu ya buibui, ili auone uso wake kabla watu hawajauona.

Mchoraji akamwekea kiti, akauinua mchapo kwenye mwanga. Shangazi akavaa miwani.

"Kipini changu kimehamia tundu jingine la pua," akasema. Akasogea karibu. "Na huyu bibi ni nani anayekula kwa mkono wa chooni?"

"Shangazi..."

"Watanicheka mpaka Unguja. Anitoe. Tulikubaliana."

"Anasemaje?" mchoraji akaniuliza kwa Kiingereza. Alikuwa bado anatabasamu.

Nikamtafsiria bila kupamba. Akauchukua mchapo, akautazama tena.

"Sikugeuza karatasi," akasema. Kisha akautazama mkono wake wenye wino. Nilijua anakoelekea.

"Siku ile ya kwanza kwenu, nilikula kwa huu."

"Ndiyo."

"Na wote mliona."

"Tuliona."

"Mbona hukuniambia?"

Nikampa shangazi swali lile.

"Ningemwambiaje?" akasema. "Mtu kaja kwangu na njaa yake, nimuaibishe mbele ya chakula?"

Nilipomtafsiria, mchoraji alikaa juu ya sanduku la karatasi. Aliongea polepole, akisubiri nitafsiri kila sentensi. Ameishi nchi hii miaka thelathini na moja, alisema. Ameingia majikoni mwa watu, Sparkhill, Small Heath, kwa Wapakistani, kwa Wasomali, na kila mahali alipewa mahali pazuri pa kukaa na kipande kikubwa cha nyama. Sasa anajiuliza ni mara ngapi watu walitazama pembeni.

"Nilidhani nimeshakuwa mtu wa nyumbani kidogo," akasema. "Mtu wa nyumbani angeambiwa."

Shangazi alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe jirani yake, chai mnakunywa pamoja kila siku, ukamwacha hivyo?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani! Na vitabu vyote ulivyosoma." Akavua miwani. "Mwambie aje Jumamosi. Atakula kwa kulia, atajimwagia wali, nasi tutamcheka. Kisha anichore upya. Nikitoka vizuri, nabaki kitabuni."

"Nakuja, Bibi," akajibu mchoraji mwenyewe kwa Kiswahili, kabla sijafungua mdomo; neno Jumamosi alilijua.

Akaja. Pilau nyingi iliishia magotini pake. Kila mkono wa kushoto ulipoinuka shangazi aliupiga kofi dogo: "Siyo huo! Ukalie huo!" Mwishowe akaukalia kweli, na mke wangu akacheka hadi akatoka chumbani.

Kuchonga upya kulimchukua siku nne. Shangazi akaushika mchapo mpya karibu na pua. Kipini kilikuwa mahali pake, na mikono pia. Akaufuata uso wake kwa kidole hadi shingoni.

"Shingo yangu haina mikunjo mingi hivi."

"Iko saba," mchoraji akasema nilipomtafsiria. "Niliihesabu."

"Mwambie abakishe mitano."

"Saba," akasema mchoraji.

Shangazi akamtazama, akaanza kucheka, akamrudishia karatasi. "Mjeuri huyu. Haya, saba." Picha ikaenda mtamboni, naye shangazi akiwa ndani yake.